Zambarau Ndani ya Bika

Kars, Januari. Theluji imefika usawa wa madirisha
na mwalimu Sıdıka amevaa koti la marehemu baba yake,
maana jiko la darasa lina kikohozi
na makaa ya serikali yamekuja na unyevu.

Anashika punje moja kwa kibano:
pamanganeti, ndogo kuliko kichwa cha pini.
"Msiniangalie mimi. Angalieni maji."
Punje inazama. Nyuma yake
uzi wa zambarau unaning'inia,
kisha uzi unasahau kuwa ni uzi.

"Nani ameyakoroga?"
Hakuna.
"Nani ameituma?"
Hakuna.
Anaandika ubaoni: mtawanyiko.
Kutoka penye wingi kwenda penye uchache,
bila amri, bila nauli,
kila chembe ikipigwa kikumbo na jirani isiyemjua
mpaka pote pawe sawa.

Wao jambo hili walilijua zamani.
Wamelijua kwa mkate wa Zöhre, unaonukia hadi kwenye hesabu
na kuharibu kuzidisha.
Wamelijua kwa habari, nao huiita haber,
neno letu lilelile limekatwa mkia,
kama kitabu kilivyo kitap kwao, na dunia, dünya.
Nani aliyabeba? Wauza ngozi, wake waliolewa mbali,
matusi ya sokoni, sala.
Hakuna aliyeyagongea muhuri mpakani.

Juzi habari ilitangulia barua:
shule itafungwa Juni.
Ilitoka posta asubuhi, ikanyolewa ndevu kwa kinyozi,
adhuhuri ilikuwa kwa muuza mabata bukini,
na saa kumi Sıdıka akapewa pole
na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Feramuz, wa dawati la nyuma, kanyoosha mkono.
"Mwalimu, mwaka jana tulikuwa thelathini na mmoja.
Leo kumi na wanne.
Kijijini kwa babu zimebaki dohani tatu zinazotoa moshi.
Watu wanatoka penye uchache
wanakwenda penye wingi. Bursa. Istanbul.
Basi sisi si rangi?"

Jiko likakohoa.
Sıdıka akafuta nusu ya ubao, akaacha nusu.

"Na hiyo zambarau, itarudi kuwa punje?"
"Hesabu haikatazi," akasema. "Ila utangoja
mpaka jua lenyewe lichoke."

Nyumbani mama yake, Gülizar, hatii sukari kwenye chai.
Huivunja kwa koleo, akaificha chini ya ulimi,
chai ikapita juu yake kama mgeni asiyekaribishwa kukaa.
"Nikiitia glasini ni ya glasi," husema.
"Hapa najua ilipo."
Koti linatundikwa karibu na moto
na tumbaku ya baba inaamka kidogo,
kidogo kuliko msimu uliopita.
Mama hataki lifuliwe. Sıdıka hulivaa kila siku
akijua kila mlango anaopita
unachukua ushuru wake.

Usiku ule baridi ilishuka hadi ishirini na saba chini ya sifuri.
Bika ilikuwa imesahaulika dirishani.

Asubuhi aliikuta imepasuka, barafu imesimama yenyewe
bila glasi ya kuishika.
Pembeni kote nyeupe, safi, unaona uwanja upande wa pili.
Na katikati, imejikunja,
zambarau iliyokolea kuliko jana.
Maji yakiganda hayataki mpangaji:
yameisukuma, yameisukuma,
mpaka rangi ikakuta rangi.

Haikuwa punje. Asidanganye mtu.

Alivua koti, akalifunika lile donge
lisije likayeyuka kabla ya kengele,
kisha akacheka peke yake, akakumbuka,
akalifunua tena: darasa lilikuwa na baridi ya kutosha.
Akasimama mlangoni na mikono mitupu ikitetemeka,
akingoja kumi na wanne,
akianza kuhesabu na yule wa dawati la nyuma.